Nakijwa Yupo Darasani

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni masika ya mwaka juzi tu, palikuwa na mama mmoja katika milima ya Upare, kijiji cha Mkomwe. Aliitwa Namsifu. Alikuwa mjane na mkulima wa tangawizi. Alikuwa Msabato wa kweli, yule ambaye jua la Ijumaa likishazama hawashi hata moto wa chai mpaka la Jumamosi nalo lizame. Na alikuwa na mtoto mmoja, binti, Nakijwa. Alikuwa naye. Lishikeni neno hilo kama lilivyo.

Mwishoni mtaulizwa swali, kwa hiyo asisinzie mtu.

Nakijwa alikuwa kidato cha nne katika sekondari ya pale pale kijijini. Mwaka huo chuo kikuu kimoja cha mjini kilileta somo la Uraia na Historia kwa wanafunzi wa sekondari. Somo lilifundishwa kwenye mtandao. Mhadhiri yuko mjini, mwanafunzi yuko mlimani, wanasikilizana kwa kompyuta. Aliyefaulu, somo lile lilihesabiwa kana kwamba amelisomea chuoni, na siku akifika chuoni halirudii. Na atakayeongoza mkoa mzima alitunziwa nafasi ya kusoma chuoni hapo bila ada, amalize tu sekondari yake.

Shule ya Mkomwe ilipewa kiti kimoja. Kompyuta nzima ilikuwa moja, na hiyo moja kamera yake ilikuwa imekufa. Wakafanya mtihani wanafunzi thelathini na wanne kugombea kiti hicho. Nakijwa akawashinda wote. Aliyemfuata kwa alama mbili ni rafiki yake, Zaina, binti wa fundi cherehani wa karibu na msikiti.

Jina moja, kiti kimoja. Kikawa cha Nakijwa.

Sasa ratiba ikaja. Kipindi ni kila Jumamosi, saa nne asubuhi.

Namsifu aliposikia alisema, "Mwanangu hafungui kompyuta siku ya Sabato. Hata wampe chuo kizima pamoja na majengo yake."

"Mama, ni saa mbili tu," akasema Nakijwa.

"Mungu hakusema saa mbili tu si kitu."

Nakijwa akalia Jumapili, akalia Jumatatu. Jumanne Namsifu alikuwa anaosha tangawizi mbele ya nyumba, akamwona Zaina anapita. Akamwita.

"Zaina, mwanangu. Wewe Sabato haikubani."

"Hainibani, mama. Mimi yangu ni Ijumaa, na tukitoka kuswali tunaendelea na kazi."

"Basi ingia wewe siku hiyo. Sikiliza, andika kila kinachosemwa. Jumapili mwenzio atasoma ulichoandika, atafanya kazi waliyopewa, atawapelekea."

"Niingie kwa jina la nani, mama?"

"Kwa jina la aliyesajiliwa. Kuna mwingine?"

Zaina akacheka. Nakijwa akamrukia mama yake shingoni, na mikono ya mama imejaa udongo. Mwalimu Mbwambo, aliyekuwa anasimamia somo lile shuleni, alipoambiwa alikuna kichwa, akasema haya, mradi kazi ifanyike.

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi Zaina yupo mbele ya kompyuta, Nakijwa yupo kanisani kando ya mama yake. Kila Jumapili Nakijwa anasoma daftari la Zaina, anafanya kazi. Mjini hawakuona sura. Waliona jina limeingia, wakaandika kwenye orodha: Nakijwa, yupo.

Katika kipindi cha saba walifundishwa kwamba raia ana haki ya kuandika kwa viongozi wake, na viongozi wana wajibu wa kujibu. Nakijwa akaandika barua kuhusu daraja la mto wa chini ya kijiji, lililobebwa na maji miaka minne kabla, na watu tangu hapo wanavuka kwa kukanyaga mawe. Nakala moja aliituma chuoni, nyingine aliipeleka kwenye ofisi inayohusika, kwa mguu, kilomita kumi na moja. Chuoni barua ilipata alama kumi na nane kati ya ishirini. Ofisini haikujibiwa.

Kisha ikaja kazi kubwa. Kila mwanafunzi atafute historia moja ya kwao, inayoonyesha jinsi watu walivyojitawala. Airekodi kwa mdomo wa mtu aliyeona kwa macho, halafu aiandike.

Nakijwa akaenda kwa Bibi Navoneiwa. Bibi huyu alikuwa amepita miaka themanini, na ndiye aliyebaki kati ya walioijua ndiva tangu mwanzo. Ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Likijaa hufunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Bibi alimtazama msichana na simu yake, akamwambia, "Unataka maneno na mikono yako mitupu? Jembe liko pale. Kwetu mtu hapewi historia amekaa."

Nakijwa akapalilia. Alikwenda mara nne, akapalilia mara nne, na kila alipomaliza mistari miwili ya maharage Bibi alisimulia. Alisimulia jinsi wakubwa wa wakati ule walivyojitwalia maji siku tisa mfululizo, mahindi ya wengine yakakauka yamesimama. Alisimulia jinsi wanawake arobaini walivyokwenda wakaketi kwenye mlango wa ndiva, ndani ya matope, maji yasitoke kwa mkubwa wala kwa mdogo, mpaka zamu zilipopangwa upya mbele ya watu wote. Bibi alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake, ndani ya matope hayo hayo. Hakuna kitabu kilichoandika jambo hilo.

Vipindi vilikuwa kumi na sita. Vilipofika kumi na moja, tumbo likamshika Nakijwa.

Ilianza Jumatano. Alhamisi akawa hawezi kunyooka. Kidole tumbo, alisema mganga wa zahanati, wamkimbize hospitali ya bondeni, hapo hapana kisu. Ijumaa asubuhi wakambeba kwa machela ya miti. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Wakafika mtoni, daraja hakuna, mawe yamefunikwa, maji yanapita na magogo. Wakaketi kusubiri maji yapungue. Namsifu akapanda nyumba kwa nyumba kuomba kamba. Zaina akabaki amempakata rafiki yake kichwa. Namsifu aliporudi na kamba, Zaina alikuwa ameshamfumba mwenzake macho.

Wasabato hawaziki siku ya Sabato. Jumamosi Nakijwa alilala sebuleni kwa mama yake, amefunikwa shuka jeupe. Jumapili wakamzika nyuma ya nyumba. Mchungaji akasema aliyempa ndiye aliyemchukua. Namsifu akasema amina. Aliisema kwa meno yaliyobana, lakini aliisema.

Miezi mitatu ikapita.

Siku moja, anaosha tangawizi, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, sauti ya furaha. "Naongea na mzazi wa Nakijwa? Mimi ni Dokta Nyagawa, natoka chuo kikuu. Mama, hongera sana! Binti yako ameongoza mkoa mzima."

Namsifu akaacha kuosha.

"Mama, unanisikia? Binti yuko karibu nimpongeze mwenyewe?"

"Yuko karibu," akasema Namsifu. "Yuko nyuma ya nyumba, hatua ishirini. Lakini hawezi kuongea nawe. Nilimfukia mwenyewe."

Akaiacha simu ndani ya karai la tangawizi, akaondoka na matope yake mikononi mpaka shuleni. Hakubisha hodi. Mwalimu Mbwambo alikuwa anakunywa chai ya saa nne, kikombe kikamponyoka.

"Mwalimu. Mwanangu amefanya mtihani lini?"

"Mama Nakijwa, kaa kwanza."

"Nimekaa miezi mitatu. Amefanya lini?"

Mwalimu akaeleza, akishika maneno na kuyaachia. Kanuni za chuo zinasema mwanafunzi akiacha, au akifa, kiti kinafungwa. Hakirithiwi. Shule ilikuwa inapata kiti kwa mara ya kwanza. Zaina alikuja na kusema anaweza kumalizia. Mwalimu hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alifungua mlango wa chumba cha kompyuta, basi.

"Hukuniambia."

"Ulikuwa na msiba, mama. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo! Kama ulivyoniambia pole kwa mdomo!" Walimu wengine wakatoka nje. "Ulishika jeneza la mwanangu wewe. Bega la kushoto, nilikuona. Ukatoka pale ukaenda ukamwita darasani kama mtu aliyechelewa!"

Mwalimu akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Namsifu zaidi. Angekuwa mtu mbaya, Namsifu angepata pa kumshika.

Dokta Nyagawa naye hakulala juu ya jambo lile. Alimpigia Mwalimu akaambiwa yote, na wiki moja baadaye akawaita wote kwenye kompyuta ile ile. Siku ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Wakaketi kwenye madawati mawili: Namsifu, Zaina, Bibi Navoneiwa na mkongojo wake, na Mwalimu Mbwambo aliyebaki amesimama. Dokta akatokea kwenye kioo, mwanamke wa makamo, miwani imesukumwa juu ya kichwa.

"Mama Nakijwa, pole sana."

"Pole ya nini?" akasema Namsifu. "Kwenu ninyi mwanangu yupo."

 Dokta akasema jambo lililowaleta. Chuo kimekaa kikao. Kazi imefanyika kweli, mtihani ulisimamiwa, na historia ya ndiva ndiyo iliyoishinda mikoa jirani. Chuo kinataka kuifundisha kwa wanafunzi wa nchi nzima. Lakini jina si la kweli. Kikao kimeamua hivi: cheti ni kimoja na kitabeba jina moja. Kikiandikwa jina la Nakijwa, nafasi ya chuoni inafungwa, haikaliwi na mtu. Kikiandikwa jina la mwingine, huyo ndiye mwenye nafasi, na akishindwa kuitumia atamtaja ndugu yake wa damu. Atakayetaja jina ni mzazi aliyeweka sahihi kwenye fomu ya mwanzo. Asipotaja leo, vyote vinafutwa, na historia ya ndiva haifundishwi.

"Jina moja," akasema Dokta. "Kila mmoja aseme lake, halafu mama ataje."

Bibi Navoneiwa akagonga mkongojo sakafuni.

"Mimi nitaanza, maana mimi ndiye ninayeweza kufa kabla hamjamaliza. Wewe wa kwenye kioo, unanisikia?"

"Nakusikia, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi sijui kusoma, lakini kuibiwa nakujua. Mnasema mtafundisha nchi nzima maneno ya ndiva. Maneno hayo ni ya nani? Aliyeketi kwenye matope ni mama yangu. Aliyepakatwa kwenye matope ni mimi. Nilitoka pale na homa nikaugua mwezi mzima. Kwetu anayesimulia hutaja aliyemsimulia, na huyo humtaja aliyemtangulia, mpaka mwanzo. Hawa mabinti waliandika vizuri, sikatai. Lakini kibuyu kikijaa, aliyechota maji siye aliyeleta mvua. Andikeni Navoneiwa. Mjukuu wangu Ruti yuko kidato cha pili, atakwenda chuoni."

"Na kama Ruti akikataa?" akauliza Dokta.

"Nitakwenda mwenyewe. Nitalala bwenini na wasichana wenu, niwafundishe adabu."

Mwalimu Mbwambo akacheka, akaona Namsifu hacheki, akakohoa.

"Zaina," akasema Dokta.

Zaina akasimama. Alikuwa amevaa sare, ushungi mweupe, na macho yake yalikuwa chini.

"Mimi sikuiba," akasema. "Vipindi vilikuwa kumi na sita, na vyote kumi na sita nilikaa mimi kwenye kiti hiki. Nilikuwa naandika mpaka vidole vinakufa ganzi, ili Jumapili mwenzangu asikose kitu. Alipokufa, nilifanya kazi tano zilizobaki. Historia ya ndiva aliirekodi yeye, lakini haikuandikwa hata mstari. Nilisikiliza sauti yake kwenye simu ile, anauliza, anacheka, anamwambia bibi, 'Ngoja kwanza nipumue, hili jembe lako lina kutu.' Nilisikiliza mpaka mwisho, narudia. Mnajua ilivyo kumsikia mtu mliyemzika? Niliandika kurasa kumi na nne nikilia. Mtihani wa mwisho niliufanya mimi. Na mtihani wa majaribio wa shule nilianguka Hisabati kwa sababu ya somo hili ambalo halikuwa langu. Mimi nilikuwa wa pili kwa alama mbili. Sikuwahi kulalamika. Sasa nalalamika."

"Kwa nini hukuacha alipokufa?" akauliza Namsifu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyotisha.

"Aliniambia nimalize, mama. Pale mtoni, wewe ulipokwenda kutafuta kamba. Alisema neno moja tu. Maliza."

"Nani alisikia?"

"Mimi."

"Nani mwingine? Walikuwepo wanaume sita."

"Walikuwa wanatazama maji, mama. Wallahi alisema."

"Usiape hapa!" Namsifu akapiga dawati. "Mwanangu alikuwa na neno moja la mwisho katika dunia hii, na unaniambia lilikuwa la kompyuta? Hakuniita mimi? Hakumwita Mungu wake? Alisema maliza?"

Zaina akalia kimya kimya, bila kuficha uso.

"Basi mimi nitamsemea mwanangu," akasema Namsifu, "kwa kuwa wote mna midomo isipokuwa yeye. Kiti alikishinda yeye. Wanafunzi thelathini na wanne, aliwashinda. Kazi kumi na moja za mwanzo ni zake. Barua ya daraja ni yake, alitembea nayo kwa mguu. Bibi, wewe ulikaa na maneno yako miaka sabini, nani alikuja kukuuliza? Ruti wako alikuja? Yeye alikuja. Alikupalilia maharage yako kwa mikono ambayo sasa iko udongoni. Asingeuliza, ungekufa nayo. Zaina, wewe una mikono, una mwaka kesho, utasoma, utafanya mtihani mwingine na mwingine. Bibi, wewe una wajukuu tisa wa kulibeba jina lako. Nakijwa hana kesho, hana mtoto. Ana ubao mmoja nyuma ya nyumba, na mchwa wameshauanza. Nataka hiyo karatasi iandikwe yeye. Na hiyo nafasi ifungwe. Ikae wazi. Kila mwaka wakihesabu viti vyao waone kimoja kitupu, waulize ni cha nani!"

"Karatasi haimfufui, mwanangu," akasema Bibi polepole.

"Wala wewe haikufanyi kigori!"

"Hapo umenipata," akasema Bibi, akafuta pua kwa pindo la kanga. Lakini mkongojo hakuushusha.

Namsifu alikuwa amekuja na karatasi aliyoipata kwa Mwalimu. Ilikuwa orodha ya mahudhurio, Jumamosi zote kumi na sita. Akaifungua mbele ya kioo.

"Dokta, wewe umesoma. Nisikilize mimi niliyeishia darasa la saba. Jumamosi ya kumi na mbili. Nakijwa, yupo. Ndivyo mlivyoandika. Siku hiyo mwanangu alikuwa amelala sebuleni kwangu, maiti, chini ya shuka! Wanawake wamejaa wanaimba polepole kwa sababu ni Sabato. Nilimtafuta Zaina kwa macho nikakosa, nikasema moyoni, maskini, amekwenda kuchota maji. Kumbe alikwenda kuwa mwanangu! Maiti haijazikwa, jina limeshavaliwa!"

 Dokta akashusha miwani yake kutoka kichwani.

Zaina akafuta machozi kwa ushungi. "Ni kweli, mama. Nilitoka msibani saa tatu nikakimbia. Nilidhani nikikosa siku ile watamfuta, na yote aliyofanya yatakuwa bure."  Kisha akasema, na sasa alikuwa ameinua uso, "Umesoma ya kumi na mbili. Soma na ya kwanza."

"Ya kwanza ina nini?"

"Isome tu, mama."

Namsifu akasoma. "Jumamosi ya kwanza. Nakijwa, yupo."

"Siku hiyo alikuwa wapi?"

Namsifu akanyamaza.

"Alikuwa wapi, mama?"

"Kanisani."

"Kando ya nani?"

Namsifu akaishusha orodha. "Kando yangu."

"Na mimi nilikuuliza, ulikuwa unaosha tangawizi. Nikakuuliza, niingie kwa jina la nani? Ulinijibu nini?" Zaina akamsogelea. "Jumamosi kumi na moja nilikuwa Nakijwa na hukuniita mwizi. Nilikuwa Nakijwa ili wewe na yeye mkae kanisani mmetulia, mikono yenu safi. Dhambi ikiwa ya kukutunzia Sabato yako haikuwa dhambi. Leo nikimtunzia mwenzangu kazi yake, nimevaa maiti!"

"Binti, punguza," akasema Mwalimu Mbwambo.

"Mwache," akasema Bibi Navoneiwa. "Na wewe usimwambie mtu apunguze. Wewe uliyefungua mlango bila kusema ndiyo wala hapana, hukai kwenye dawati hili kwa sababu huna hata dai la kusimamia."

Namsifu aliitazama ile orodha. Yupo, yupo, yupo. Mara kumi na sita. Alitafuta Jumamosi moja ambayo neno lile lilikuwa la kweli, hakuipata. Msidhani hasira ilimtoka. Watu hupenda kusema mtu akionyeshwa kosa lake hupoa. Hakupoa. Hasira iliyokuwa inatazama nje iligeuka ikatazama na ndani pia, ikawa na pande mbili za kuchoma.

"Mungu wangu," akasema, "nilikutunzia siku yako kwa mdomo wa mtoto wa mwenzangu."

Kisha akainua uso kwenye kioo.

"Na wewe, Dokta. Usikae huko ukiwa msafi. Mnafundisha haki za raia siku ambayo watu wangu hawawezi kuja, na hamkuuliza mtu. Wiki kumi na sita mlisema na mwanangu, hamkuomba mara moja kuiona sura yake. Mngeomba mara moja tu! Mlimfundisha kwamba akiandika barua atajibiwa. Akaandika. Mkampa kumi na nane. Mbili mlimnyima za nini? Alikosea wapi? Daraja lilikuwa halipo, akaandika halipo. Alifia pale pale alipopaandika!"

Dokta Nyagawa, kwa haki yake tuseme, hakujitetea.  Mtandao ukaganda, sura yake ikasimama mdomo wazi, halafu ikarudi.

"Mama," akasema, "yote uliyosema nitayapeleka kwenye kikao. Lakini saa kumi napaswa kuandika jina. Sasa ni saa tisa na dakika hamsini. Nakijwa, Zaina, au Bibi Navoneiwa. Au useme hakuna, tufute."

Namsifu akasimama. Zaina akaketi, ushungi umelowa. Bibi akaweka mikono miwili juu ya mkongojo. Mwalimu Mbwambo akageukia ukuta.

Namsifu akafumba macho akaomba, na maombi yake hayakuwa marefu. Akafumbua. Akataja jina.

Mmoja wao alitoka nje akaubamiza mlango. Mmoja alilia kwa sauti. Mmoja alisema, "Sawa," na haikuwa sawa. Na Namsifu alirudi nyumbani peke yake kwa njia ya juu, bila kumuaga mtu.

Jina lenyewe halitajwi hapa. Likitajwa, mtamkubalia Namsifu kwa kumwonea huruma, kwa sababu amefiwa. Na hukumu ya kumwonea mtu huruma si hukumu. Mliketi nao kwenye madawati yale, mmesikia kila mdomo, na asiye na mdomo mmesikia akisemewa. Mmoja alishinda kiti, akaliuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza, akafa. Mmoja alikikalia kiti Jumamosi zote akaimaliza kazi kwa jina lisilo lake, kwa neno la mwisho ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. Mmoja ndiye aliyekaa kwenye matope, na bila matope yale hao wawili hawana la kuandika.

Semeni basi, na kila mtu aseme lake asimtazame jirani: mngekuwa ninyi mbele ya kile kioo, zimebaki dakika kumi, mngetaja jina la nani?